Wanawake Saba kwa Mwanamume Mmoja?

  

Leo tuna hesabu. Tafadhali usihamishe stesheni! Si hesabu ya ubaoni. Ni ile inayopigwa kila siku kijiweni, saluni, kwenye vikao vya harusi, na hata msibani watu wakiwa wamekaa mkekani wanasubiri chai. Utasikia: wanawake wamekuwa wengi mno, wanaume wamekwisha, siku hizi ni wanawake saba kwa mwanamume mmoja. Binti akitimiza miaka 30 hajaolewa, shangazi anamnong'oneza apunguze kuchagua kwa kuwa wanaume hawatoshi. Bwana naye akitaka kuongeza mke, hoja anayo mdomoni: hawa waliobaki tumwachie nani?

Je, ni kweli? Twende polepole.

Tuanzie nyumbani. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61 na laki saba na ushei. Wanawake walikuwa asilimia 51, wanaume 49. Basi. Jirani zetu Kenya, sensa yao ya 2019 ilipata watu milioni 47 na nusu: wanaume milioni 23 na nusu, wanawake milioni 24, na watu 1,524 walioandikwa kuwa ni huntha, wenye jinsia mbili. Hizo ndizo namba, na makarani walipita mlango kwa mlango.

Maana yake nini? Maana yake kwa kila wanawake 100 wa Tanzania kuna wanaume 95 hivi. Wapange wawili wawili, mke na mume, kuanzia kichanga hadi bibi kizee: watabaki wanawake watano katika mia. Watano katika mia, msikilizaji. Wale wa saba kwa mmoja hawapo kwenye daftari lolote.

Na nikuongezee la kuwapelekea wenzako kijiweni. Ukikusanya watu wote wa dunia, zaidi ya bilioni nane, waliozidi kidogo ni wanaume. Ndiyo, umesikia sawasawa: wanaume. Sababu yake nitaifikia, usiondoke.

Sasa hiyo saba imetoka wapi? Nadhani wengi wameiokota kwenye Biblia, Isaya sura ya nne, mstari wa kwanza, panapotajwa wanawake saba na mwanamume mmoja. Lakini ukirudi nyuma mistari michache tu, mwisho wa sura ya tatu, utakuta wanaume wameangushwa kwa upanga. Nabii alikuwa anatabiri maafa. Hakuwa anatangaza matokeo ya sensa.

Na kweli vita hula wanaume. Umoja wa Kisovieti ulipohesabu watu wake mwaka 1959, miaka 14 baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika, wanawake waliwazidi wanaume kwa takriban milioni 20. Kuna vijiji ambako mvulana aliyekwenda vitani hakurudi, wala kaka yake, wala baba yao. Lakini tazama: hata katika nchi iliyopoteza vijana kwa kiasi hicho, kati ya kila watu 100 wanawake walikuwa 55 na wanaume 45. Haikufika hata wawili kwa mmoja. Kwa hiyo anayekwambia saba, muulize vita gani hiyo imepita hapa kwetu bila sisi kuisikia.

Haya, tuingie wodi ya wazazi, maana ndiko mambo yanakoanzia. Ukikaa mlangoni pa wodi mwaka mzima ukihesabu vichanga, utapata wavulana wengi kidogo kuliko wasichana. Duniani kwa jumla huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ni pungufu kidogo, 103 hivi. Wavulana wengi kidogo: likumbuke hilo.

Jambo hili limejulikana kitambo. Mwaka 1662, mjini London, alikuwapo mwenye duka la vitambaa na vifaa vya ushonaji, jina lake John Graunt. Huyu bwana hakuwa msomi wa chuo. Alichukua orodha za ubatizo na mazishi za makanisa ya mji, akaketi, akajumlisha, akatoa kitabu. Aliona kwamba wavulana 14 hubatizwa kwa kila wasichana 13. Miaka karibu 50 baadaye, daktari wa Malkia Anne, John Arbuthnot, alikusanya ubatizo wa London wa miaka 82, na katika kila mwaka, bila kukosa hata mmoja, wavulana walikuwa wamezidi. Akasema hii haiwezi kuwa bahati nasibu, ni mkono wa Mungu: wanaume wanakufa zaidi kazini na safarini, kwa hiyo wanaletwa na nyongeza yao kabisa.

Kwamba wanafariki zaidi, hilo ni kweli, na huanza kabla hawajajua hata kutembea. Muulize muuguzi wa wodi ya watoto njiti. Vikiletwa vichanga viwili, wa kike na wa kiume, vimezaliwa wiki zilezile na uzito uleule, nani atamnyima usingizi? Atakwambia wa kiume. Mapafu yake huchelewa kukomaa, maambukizi humpata kwa urahisi zaidi. Sehemu ya sababu iko katika kromosomu, zile nyuzi ndogo ndani ya mwili zinazobeba urithi. Mtoto wa kike ana X mbili, moja ikiwa na hitilafu nyingine inaiokoa. Wa kiume ana X moja na Y moja, hana akiba. Akivuka hapo anakua, anapanda bodaboda, anashuka kwenye shimo la dhahabu, anakwenda kuvua usiku. Ile nyongeza inaliwa kidogo kidogo. Wakifika ujana, wanaume na wanawake wako karibu sawa kwa sawa. Baada ya hapo wanawake wanaanza kuongoza, na kadiri umri unavyosonga ndivyo wanavyozidi kuongoza. Kule Japani, ambako waliofikisha miaka 100 wamepita elfu tisini, karibu tisa kati ya kila kumi ni wanawake.

Hapa kwenye X na Y naomba nisimame kidogo, kwa sababu kuna nyumba zinavunjika. Yai la mama siku zote lina X, halina kingine. Mbegu ya baba ndiyo inayokuja ama na X ama na Y. Ikija na X, binti. Ikija na Y, mvulana. Kwa hiyo wewe bwana uliyepata mabinti watano mfululizo, na mama yako anakutafutia mwanamke mwingine kwa kuwa huyu "hazai wanaume", ukitaka kumwona mwenye mbegu iliyoamua, kioo kipo chumbani. Wala na wewe sikulaumu, hakuna anayechagua. Ila mkeo usimsumbue.

Sasa swali ambalo wafugaji mtalipenda. Kwa nini nusu kwa nusu? Mfugaji anajua kwamba beberu mmoja anatosha zizi zima. Ndiyo maana madume mengine anayauza au anayachinja Idi na Krismasi. Lakini mwaka ujao mbuzi wake wakizaa, madume na majike wanakuja tena karibu sawa. Kama dume mmoja anatosha, kwa nini maumbile yanaendelea kuleta madume wote hao?

Jibu lililowaridhisha wanasayansi lilielezwa vizuri na Mwingereza Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1930. Sikiliza, ni rahisi. Kila mtoto ana baba mmoja na mama mmoja. Chukua kijiji cha wanawake 100 na wanaume 20, na watoto wao 400. Kila mama, kwa wastani, ana watoto wanne. Na kila baba? Ishirini. Si ndiyo? Basi katika kijiji hicho, mzazi aliyejaliwa watoto wa kiume atapata wajukuu wengi kuliko aliyejaliwa wa kike. Kama katika ukoo wake kuna mwelekeo wa kuzaa wanaume, mwelekeo huo utaenea pamoja na wajukuu hao. Vizazi vikipita, wanaume wanaongezeka. Wakishazidi, faida inahamia kwa wenye mabinti. Mambo hayatulii mpaka pande mbili zikaribiane. Hakuna kamati iliyokaa kupanga. Ni wajukuu tu.

Najua kuna dada ananisikiliza hapo na kunung'unika: haya ya Mwingereza sawa, lakini mbona mimi na wenzangu waume hatuwaoni? Dada yangu, hujakosea. Unachokiona kipo. Ila sababu yake si ile unayoambiwa, na hapa ndipo kiini cha mazungumzo yangu ya leo kilipo. Sogea karibu na redio.

Kwetu, mwanamume huoa aliye mdogo kwake. Kwa miaka mitano, saba, wakati mwingine kumi. Mvulana wa miaka 30 anaangalia binti wa 25. Na nchi yetu inakua haraka: kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, watu wa Tanzania waliongezeka kwa zaidi ya asilimia tatu kila mwaka. Maana yake, watoto waliozaliwa mwaka huu ni wengi kuliko wa mwaka jana, na wa mwaka jana ni wengi kuliko wa mwaka juzi.

Unganisha hayo mawili. Chukua wilaya ambako mwaka mmoja walizaliwa wavulana 1,000 na wasichana 1,000. Tuwaweke sawa tusijichoshe. Vizazi vinaongezeka kwa watatu katika kila mia, kila mwaka. Miaka mitano baadaye, wasichana wanaozaliwa ni karibu 1,160. Watoto hao wakue. Wale wavulana 1,000 wanatafuta wachumba, na wanawatafuta wapi? Kwa wale mabinti waliozaliwa miaka mitano baada yao. Wavulana 1,000, mabinti 1,160. Kila mmoja akioa mmoja, mabinti 160 wamebaki wanatazamana.

Hakuna aliyekufa. Hakuna vita. Hakuna laana ya mtu. Wavulana na wasichana walizaliwa sawasawa, na bado mabinti 160 wamekosa. Kilichofanya hivyo ni nini? Ni mwachano wa umri katika nchi inayozaa kwa kasi. Narudia: mwachano wa umri katika nchi inayozaa kwa kasi. Ongeza mwachano uwe miaka kumi, uhaba unakuwa zaidi ya maradufu. Waoane rika moja, uhaba unayeyuka.

Na hapo hapo ndipo mitala inapopata nafasi yake. Sizungumzii dini, Muislamu ana sheria yake na Mkristo ana yake. Nazungumzia hesabu. Wanaosema mitala ipo kwa sababu wanawake wamezaliwa wengi wanakosea. Ipo nafasi kwa sababu wasichana huingizwa kwenye ndoa mapema na wavulana husubirishwa. Punguza tofauti hiyo uone kama hao wa ziada utawaona. Hata sheria imeshiriki: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Watu walilijadili kama suala la haki ya mtoto wa kike, na ni sawa kabisa. Mimi naongeza kwamba ni suala la hesabu ya wachumba pia.

Mbali na umri, kuna mahali. Watu hawakai walipozaliwa. Wazee mliotoka Songea, Njombe, Kigoma mnakumbuka habari za manamba: wakati wa mkoloni vijana walichukuliwa kwa mkataba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, kijijini wakabaki wake, watoto na wazee. Aliyefika kijijini mwaka ule angeapa kwamba wanaume wamekwisha. Aliyefika kambini angeapa kwamba wanawake wamekwisha. Wote wawili wangekuwa wamesema waliyoyaona. Dar es Salaam yenyewe, katika sensa ya 1967, ilikuwa na wanaume zaidi. Katika sensa ya 2022 wanawake ndio wengi. Mabinti nao wamepanda basi. Na leo ukienda Qatar, karibu robo tatu ya wakazi ni wanaume, kwa sababu majengo yale marefu yanajengwa na vijana kutoka India, Nepal, Bangladesh na kwingineko, waliowaacha wake zao nyumbani.

Niliahidi kueleza kwa nini duniani wanaume wamezidi. Ni hivi: kuna nchi kubwa ambako watu wamejiingiza katika kazi ya maumbile. Kipimo cha ultrasaundi kilipoenea miaka ya 1980, familia nyingi za India na China zilianza kukitumia kujua jinsia ya mimba. Ikionekana ni ya kike, ilitolewa. Mwaka 1990 mchumi Amartya Sen aliandika kwamba wanawake zaidi ya milioni 100 wamepotea duniani, yaani wangekuwapo kama wangepewa nafasi na matunzo sawa na wanaume. India ilipiga marufuku kupima jinsia ya mimba kwa sheria ya mwaka 1994. China, katikati ya miaka ya 2000, ilikuwa inapata wavulana karibu 120 kwa wasichana 100, na leo ina mamilioni ya wanaume wasio na wa kumwoa. Wengi wao ni maskini wa vijijini, maana mabinti wachache waliopo huolewa mjini.

Lakini Korea Kusini inanipa matumaini. Mwaka 1990 nao walifikia zaidi ya wavulana 116 kwa wasichana 100. Miaka 20 baadaye walikuwa wamerudi kwenye kawaida. Mabinti walisoma, wakaajiriwa, wakawa ndio wanaowatunza wazazi, na sheria iliyomfanya mwanamume peke yake kuwa mkuu wa kaya ikafutwa. Mwaka 2024 mahakama yao ya katiba iliondoa katazo la daktari kumwambia mzazi jinsia ya mimba mapema, kwa kuwa hakuna tena aliyekuwa anamkimbia binti.

Muda unanibana, niseme la mwisho. Wale wanawake wa ziada wanaotajwa kijiweni wapo kweli, lakini si mabinti wa miaka 25. Ni mama zetu na bibi zetu. Piga hesabu mwenyewe: ameolewa na aliyemzidi miaka mitano, kisha wanawake kwa kawaida huishi miaka kama mitano zaidi ya wanaume. Mitano na mitano. Mke wa kawaida anaweza kutarajia miaka kumi ya ujane. Ndani ya miaka hiyo kumi ndipo shemeji wanapokuja kudai nyumba, ndipo shamba linapokatwa vipande, ndipo bima ya mzee inapokufa naye.

Zanzibar walianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyefika miaka 70, awe alikuwa mtumishi au hakuwa. Wajane wengi wanaijua faida yake. Rwanda, iliyobaki na wajane wengi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilipitisha mwaka 1999 sheria ya kuwapa watoto wa kike urithi sawa na wa kiume. Ni mambo ya serikali hayo, na tuendelee kuyadai.

Ila kuna lililo mikononi mwako wewe baba unayenisikiliza, mwenye nyumba, kiwanja au shamba. Wiki hii, kama una hati, jina la mkeo liingie. Kama wewe ni Mkristo, andika wosia mbele ya mashahidi. Kama ni Muislamu, muone kadhi au shehe wako akueleze hiba na fungu la mke, na uyafanye ungali hai. Usimwachie kaka yako kazi hiyo.